Hakumtazama Mdomoni

Bibi alinawa mikono kwa maji ya birika, akajifuta kwenye kanga, akaingiza kidole kinywani mwa mtoto. Mtoto alikuwa na miezi sita na siku chache, anaharisha tangu juzi, macho yameanza kuingia ndani. Kidole kikapita kwenye ufizi wa juu taratibu, kama mtu anayechambua mchele gizani. Kikashuka ufizi wa chini. Kikasimama.

"Yapo," akasema. "Manne."

Dada yangu akanitazama mimi.

Nami, hata kabla sijafikiri, ulimi wangu ukawa umeshafika kwenye pengo langu.

Hiyo ilikuwa Bombo, kaskazini mwa Kampala, siku ya Jumamosi, wiki saba zilizopita. Tangu hapo nimeandika makala haya mara tatu na kuyafuta mara tatu. Mara ya kwanza yalikuwa na hasira. Mara ya pili yalikuwa na mapendekezo kwa serikali, na nilipoyasoma tena nikasinzia mwenyewe.

## Nilichosema

Kwa msomaji wa Uganda sina haja ya kueleza ebinyo ni nini. Ndugu zangu wa Tanzania, ni yale yale mnayoyaita meno ya plastiki: vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga, ambavyo watu huamini ni meno mabaya yanayomharisha, wakavichokoa na kuving'oa. Kila mtu anayo habari, kila mtu anamjua mtu aliyetolewa, na ukiuliza hadharani hakuna aliyewahi kufanya.

Bibi huyu si mchawi wala tapeli. Ni jirani. Amepokea watoto nusu ya mtaa ule, anaswali swala tano, na siku dada alipojifungua ndiye aliyekaa naye usiku kucha akimkanda. Bei aliyotaja ilikuwa elfu ishirini na kipande cha sabuni, na ile sabuni ni ya kumwogeshea mtoto.

Nikasema hapana. Nikasema hayo ni meno yake ya kawaida ambayo bado hayajatoka, ya chonge, yaacheni. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma, sauti ambayo dada yangu haipendi.

Bibi hakukasirika. Akaniuliza tu, kwa upole, kama anayeuliza njia: "Haya mwanangu. Kinachomharisha ni nini?"

Sikuwa na jibu.

## Kituoni

Tukapanda boda, watatu na dereva, mpaka kituo cha afya ambacho sitakitaja. Foleni, benchi, ukuta wenye picha za chanjo. Mhudumu alikuwa dada mwenye macho ya mtu ambaye hajala mchana. Akamchoma mtoto kidole, kipimo cha malaria kikatoka safi. Akabana ngozi ya tumbo kuona kama inarudi haraka. Akatoa pakiti za maji ya chumvi na sukari na vidonge vya zinki, akaeleza: kijiko kwa kijiko, nyonyesha, ukiona amelegea au anakataa kunyonya rudi hata usiku.

Kila alichofanya kilikuwa sahihi. Nataka hilo lieleweke, maana nimesikia watu wakiwatukana wahudumu hawa kwa mambo yasiyo yao.

Ila dada alipoanza kusema, "Kuna bibi amemgusa akasema ana..." mhudumu alicheka kidogo, akamkata: "Achaneni na ujinga huo." Halafu akaita, "Anayefuata!"

Njiani, juu ya boda, upepo ukinipiga masikioni, dada akasema sentensi moja.

"Umeona? Hakumtazama mdomoni."

Nimekaa na maneno hayo wiki saba.

## Mama ingia pole

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Mama mtu wa Koboko, baba mtu wa Tororo, na Kiswahili ndicho kilichokuwa mshenga wao. Tulikaa kwenye zile nyumba za mabati za duara ambazo mlango wake ni mfupi hadi mtu mzima anainama kuingia, ndiyo maana zinaitwa mama ingia pole. Mchana zilikuwa tanuri. Usiku ukikohoa, jirani anakupa pole kupitia ukuta.

Upande wa kushoto wa taya langu la chini sina chonge. Upande wa kulia ninalo, dogo, limejikunja, lina vidoa vya kahawia kama embe lililopigwa na mvua ya mawe. Shuleni waliniita Pengo. Siku zote nilidhani nimezaliwa hivyo. Miaka kadhaa nyuma, nilipokwenda kutibiwa gego, daktari wa meno alichungulia akasema, "Wewe walikutoa ebinyo." Nikacheka, nikasahau. Au nilijifanya nimesahau, sijui.

Baada ya siku ile ya Bombo nikaenda kwa mama. Nilikuwa nimejiandaa. Simu ilikuwa na tafiti nimezihifadhi, zimepigiwa mistari. Nilimkuta barazani anachambua maharage, nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza moja kwa moja nani alinitoa.

Hakuinua macho.

"Kabla yako alikuwepo mwingine," akasema.

Nilijua kulikuwa na mwingine. Sikujua kwamba alikufa kwa kuharisha. Miezi minane. Mama alimpeleka zahanati siku mbili mfululizo, akapewa dawa ya chupa, siku ya tatu asubuhi akaamka akamkuta. Mwaka uliofuata nikaja mimi, na mwezi wa sita nikaanza kuharisha vilevile, rangi ile ile, harufu ile ile.

"Ungekuwa wewe ungesubiri?"

Akanieleza yote. Mke wa koplo mmoja ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Spoku ya baiskeli, imenolewa kwenye saruji ya bomba la maji. "Niliichemsha mwenyewe," akasema, na akarudia tena baadaye bila kuulizwa, "niliichemsha." Nilipiga kelele mara mbili tu. Halafu yule mama akafungua kiganja, akamwonyesha. Kidude cheupe, laini, kama punje ya hindi bichi.

"Nililiona kwa macho yangu. Yule wa zahanati alinionyesha nini?"

Nikanyamaza.

"Na wewe si huyu hapa?"

Simu yangu ikarudi mfukoni.

## Lilikuwa jino kweli

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeshindwa kabisa. Maana ukweli ni kwamba mama hakudanganywa kuhusu alichokiona. Kile kidude kilikuwa jino, chonge langu la utoto ambalo halijaiva. Mtoto huwa na chipukizi za meno yote ya utoto ndani ya ufizi tangu anazaliwa, na zile za chonge huonekana kama vivimbe vyeupe katika miezi ile ile ya mwanzo, lakini zenyewe hazitoki nje mpaka mtoto ana karibu mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo ukiwa unatafuta kitu kwenye ufizi wa mtoto wa miezi sita, utakipata. Kwa mtoto mgonjwa utakipata. Kwa mtoto mzima utakipata pia, ila hakuna anayewagusa watoto wazima.

Na miezi sita ndiyo hiyo hiyo ambayo mtoto anaanza uji. Anaanza kukaa, anatambaa, anaokota kila kilichopo chini na kukitia kinywani. Kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama yake inapungua. Kuharisha kunakuja kwa njia yake, vivimbe vinakuja kwa njia yao, vinakutana kwenye mwezi mmoja, na mama aliyezika mwaka jana yuko hapo anatazama.

Mbona kuhara kuliisha, basi? Kwa sababu kuhara kwingi huisha. Siku tatu, siku nne, wiki, mtoto akipata maji ya kutosha anasimama. Yule mke wa koplo alifika siku ambayo ugonjwa ulikuwa umeshaanza kuondoka, akaondoka na sifa.

Nilitaka kurudi kwa mama na hesabu hiyo. Nikasita. Hesabu hiyo hiyo ningeweza kumpa mtu juu ya nusu ya dawa ninazomeza mwenyewe.

Kilichonitoa kwenye kusita ni swali lake la mwisho. *Na wewe si huyu hapa?* Ndiyo, niko hapa. Wote tunaosema "mbona mimi nilitolewa na sikufa" tuko hapa. Wale wengine hawawezi kukaa kwenye kigoda na kuulizwa.

Ila kuna mahali walihesabiwa. Katika hospitali ya Lacor, Gulu, madaktari walipekua kumbukumbu za wodi za watoto kuanzia 1992 hadi 1998, wakitafuta waliolazwa kwa madhara ya ebino, kama inavyoandikwa kule kaskazini, na mila nyingine moja inayoitwa tea-tea. Damu kuingia vijidudu, upungufu wa damu. Utafiti ukachapishwa 2003. Kati ya watoto hao, takriban mmoja kwa kila watano alifia hospitalini. Mmoja wa waandishi ni Dkt. Matthew Lukwiya, yule yule aliyekufa kwa Ebola Desemba 2000 akiwa anahudumia wagonjwa wake. Utafiti ulipotoka alikuwa ameshazikwa.

Soma tena. Mmoja kwa kila watano, na hao ndio waliofikishwa hospitali.

Nilipotafuta zaidi nikakuta kwamba pengo langu limeandikwa zamani kuliko umri wangu. Mwaka 1969 Jens Jørgen Pindborg, bingwa wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, alichapisha utafiti juu ya ukataji wa meno hapa Uganda na kasoro zinazofuatia: chonge za ukubwani zinazotoka zimeharibika, au hazitoki kabisa, kwa sababu chini ya jino la utoto kuna chipukizi la jino la pili, na spoku haijui mpaka uko wapi. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Mtu wa Denmark alikuwa amenichora kabla sijazaliwa.

## Aliyechungulia dirishani

Sasa nirudi kwenye sentensi ya dada.

Ukiwaambia watu kwamba mdomo wa mtoto wa Uganda umebadilisha utabibu wa dunia nzima, wanadhani unatia chumvi. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote, juu na chini, kushoto na kulia, meno yamelegea. Hakuelewa. Muda mfupi baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Mtu mwingine angesema bahati mbaya imekuja mara mbili. Yeye alishuka kwenda kumwona.

Mwaka uliofuata akaandika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, mmoja akiwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, kule nyumbani kwa mama upande wa Arua, walipanda gari kuukuu wakaenda kusini takriban maili 10,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza swali moja: watoto wenye taya hizi mnao? Vipande vya uvimbe kutoka Kampala vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaonyesha kirusi ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Haya yote yalianza kwa meno yaliyolegea ya mtoto mmoja.

Na uvimbe huo, saratani ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt, bado upo, bado unaanza kwa kulegeza magego, na ukiwahiwa unatibika vizuri. Ukiwahiwa. Mimi nafikiria yule mtoto atakayefika kituoni leo na jino linalocheza, apewe panadol, aitwe anayefuata.

Mdomo husema mengi kuliko tunavyoupa nafasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Charles Mugisha Rwenyonyi wa Makerere alichunguza meno ya watoto wa Kisoro na Kasese. Kule Kisoro, chini ya volkano, maji ya kunywa yalikuwa na floridi miligramu 2.5 kwa lita, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Meno ya watoto yalikuwa na madoa. Nimesoma na mtu wa Kisoro ambaye walimu walimpigia kelele miaka yote kwamba hapigi mswaki.

Alikuwa anapiga. Mara mbili kwa siku.

## Koleo

Nikamtafuta afisa wa meno, mwanamke anayefanya kazi kwenye kituo cha daraja la nne, mbali na Kampala. Aliniomba nisimtaje. Nilimkuta kwenye chumba chenye kiti cha meno ambacho mgongo wake haulali tena, umeshikiliwa kwa tofali.

Nilidhani tutazungumza ebinyo. Yeye alitaka kuzungumza koleo.

"Watu wanasema sisi kazi yetu ni kung'oa," akasema. "Ni kweli. Mtu anakuja jino limeoza miaka mitatu. Vifaa vya kuziba sina tangu mwaka jana. Ganzi ninayo leo. Nifanye nini? Nang'oa. Anaenda nyumbani anawaambia wenzake: ukienda kule unang'olewa. Basi nao wanasubiri mpaka lisivumilike. Wakija, nang'oa."

Nilijua anachosema. Serikali iliondoa malipo kwenye vituo vyake mwaka 2001, na kwa malaria na uzazi watu waliona tofauti. Kwa jino, bure maana yake ni koleo. Lile gego langu nililokwenda kutibiwa, kliniki ya binafsi waliniambia kuliziba ni laki moja na nusu. Kung'oa, elfu thelathini. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua nikipiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Nina mapengo mawili, kwa hiyo. Moja nilitolewa kwa spoku na moja kwa koleo safi, mbele ya cheti kilichotundikwa ukutani, na yote mawili kwa sababu hiyo ndiyo huduma iliyokuwepo kwa pesa iliyokuwepo. Sitaki kuyalinganisha. Koleo lina ganzi na lilitoa jino bovu. Lakini ulimi ukipita hautofautishi.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inasema watu takriban bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa, karibu nusu ya dunia. Nilimsomea yule afisa. Akanitazama kama ambaye nimemwambia mvua hunyesha.

Halafu, nikiwa nimeshasimama kuaga, ndipo aliponipa nilichokuwa nimekuja kutafuta. Nilimsimulia dada na boda na yale maneno yake. Akaweka kalamu chini.

"Dada yako ana haki," akasema. "Mimi nilikuwa vilevile. Nilikuwa nawagombeza. Nilikuwa na mabango. Wakitoka kwangu wanakwenda kwa bibi moja kwa moja, kwa sababu bibi anagusa. Sasa mtoto akiletwa, hata kwa kikohozi, naanza kwa kufungua mdomo. Nanawa, nagusa, namwambia mama: naye anawe, aguse. Haya, umeyasikia? Ni manne, si ndiyo? Namletea mtoto mwingine wa benchi, mzima, anacheka. Mguse na huyu."

"Halafu?"

"Halafu tunazungumza kuhara."

## Kidole

Mtoto alipona siku ya nne, kwa kijiko na kunyonya. Bibi aliposikia alisema vizuri, Mungu mkubwa, lakini yatarudi. Dada akaniambia kwa simu, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba naye anahesabu siku.

Jumapili iliyopita nikamchukua mama tukaenda Bombo. Sikumweleza ninachokusudia, na ukweli sikuwa na uhakika nitathubutu. Mtu kumwambia mamake anawe mikono ni jambo lenye uzito wake.

Tulipomaliza chai nikanawa kwa sabuni, nikampakata mtoto, nikagusa ufizi wa chini kama nilivyofundishwa. Pembeni kidogo ya pale meno ya mbele yanapotokea. Kipo. Kigumu, mviringo, kimetulia chini ya ufizi. Upande wa pili, kipo. Mtoto akanitafuna kidole akacheka, mate yakanitiririka mpaka kwenye kifundo.

Nikamtazama mama. Akanitazama. Akaenda mwenyewe kwenye birika.

Alikaa na kidole mle muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Juu, chini, juu tena. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania tairi. Mtoto alikuwa ananyonya kidole cha bibi yake, mzima kabisa, amenenepa, hana hata dalili ya kuharisha.

"Yapo manne," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hajambo."

"Hajambo."

Akatoa kidole, akakifuta kwenye kanga polepole, kisha akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, akanigeuza uso upande wa mwanga wa mlangoni. Nikafungua mdomo. Akatazama pale kushoto, chini.

"Niliichemsha," akasema.

"Najua, mama."

Akaniachia. Akamgeukia dada, akamuuliza kama yule bibi jirani yuko nyumbani saa hizi, na kama hajambo miguu, maana angependa aje anywe chai, naye anawe, amguse huyu mtoto leo akiwa mzima.